Siku Mbili Nilizokuwa Ulimi wa Paka

Wiki iliyopita nilipiga kelele ndani ya duka la dawa za mifugo pale Garsen mpaka mwenye duka akadhani nyoka ameingia. Nilikuwa nimekwenda kununua dawa ya minyoo ya mbuzi wangu wawili, nikamkuta msichana mmoja wa chuo amesimama mbele yangu, simu mkononi, anaonyesha chupa ya dawa ya kupe iliyokuwa rafuni.

"Nipe hiyo ndogo," anasema. "Paka wangu ana viroboto mpaka wanatuuma sisi kitandani."

Mwenye duka akampa. "Irudishe!" nikapaza sauti. "Irudishe hiyo chupa sasa hivi!"

Akageuka kunitazama. "Kwani kuna nini, shosho? Si ni ya kuua wadudu tu? Nitaongeza maji mengi."

Nitaongeza maji mengi! Jamani! Maneno yaleyale niliyoyasema mimi, kwa kinywa hikihiki, miaka ishirini na ushei iliyopita. Nikamwambia aigeuze chupa asome. Akasoma mistari miwili, akaona picha ya ng'ombe, akainua mabega. Basi nikamkalisha juu ya gunia la chumvi ya mifugo, nikamhadithia. Na kwa kuwa najua hayuko peke yake, nawahadithia na nyinyi, wajukuu zangu mnaofuga paka na mnaosomea mifugo. Kaeni vizuri, maana nikianza habari za paka sishikiki.

Mimi ni mzaliwa wa Golbanti, mtoto wa mashamba ya mpunga na migomba. Kazi yangu ilikuwa kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, kuanzia Ndera huko juu mpaka Chara, pampu mgongoni, viatu vya mpira miguuni. Waliniita Mama Pampu. Bega langu la kushoto limelala mpaka leo kwa sababu ya ule mkanda, na nilistaafu siku goti lilipokataa katakata kutoka kwenye matope. Nimeona ng'ombe kwa maelfu. Lakini mnyama aliyenifunza kazi alikuwa paka mmoja, tena si kwa hiari yake, maskini.

Ngoja kwanza niwaeleze anavyojilamba, kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilichofanya.

Aliyenifunza kumtazama alikuwa Mzee Komora, bwana mifugo aliyenipokea kazini. Mtu mrefu, mkavu, asiye na haraka hata nyumba ikiwaka. Sheria yake ilikuwa moja: kabla hujafungua mfuko wako wa dawa, simama umtazame mnyama kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Mimi nilikuwa naona huo ni uvivu. Moyoni nilisema, mzee huyu anapenda kupumzika na anatafutia mapumziko yake jina zuri. Basi baada ya yale nitakayowaeleza, alinichukua mpaka stoo ya mpunga pale Garsen, akanipa kibao cha kukalia. "Leo kazi yako ni paka," akasema. "Kaa, mwangalie, jioni uniambie."

Nilinuna. Mimi, wa kuangalia paka! Lakini kufika saa nne nilikuwa nimesahau kununa. Jaribuni hata leo nyumbani, mtashangaa! Paka anaanza na midomo. Kisha analamba kiganja cha mguu wa mbele, anakilowesha vizuri, halafu anakipitisha usoni kama mtu anayejipangusa kwa kitambaa: nyuma ya sikio, juu ya jicho, mpaka puani. Anakilamba tena, anarudia. Upande wa pili nao upate haki yake. Kisha mabega, kifua, mbavu. Kisha mguu wa nyuma unapaa juu, shingo inageuka mahali ambapo shingo yangu ingevunjika. Mkia ndio wa mwisho, anaushika chini kwa mguu usije ukamponyoka. Hakurupuki. Akikatizwa, anaanza tena.

Na ulimi wenyewe! Mtu aliyewahi kulambwa mkono na paka anajua, unakwaruza kama msasa. Ule ulimi una vijimiba vidogo vidogo, vyote vimelala kuelekea kooni. Vinachukua mate vinayapeleka mpaka kwenye ngozi, vinachana manyoya, vinang'oa yaliyokufa, vinamtoa kiroboto alikojificha. Kwa joto letu hili la Garsen, mate yale yakikauka yanampoza, maana paka hatoki jasho mwilini kama wewe, analo kidogo tu kwenye nyayo. Akishakula anajilamba aondoe harufu ya nyama. Akianguka kutoka dirishani mbele ya watu, anajilamba ili ajitulize, na ukimwangalia utasema anajifanya hakuanguka. Nilicheka peke yangu pale stoo mpaka wapakiaji wa magunia wakanitazama vibaya.

Ila shikeni hili moja: kwa kuwa vile vijimiba vimeelekea kooni, paka hawezi kutema. Kilichonata ulimini, anakimeza. Manyoya anayameza, ndiyo yale mnayoona akiyatapika yamejiviringa kama kijiti. Tope anameza. Na ukimwagia kitu mwilini, elewa kwamba umemlisha.

Mimi sikuelewa.

Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, na mara yangu ya kwanza kutumwa peke yangu. Mzee Komora alikuwa Ndera. Mimi nilitumwa kwa Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma aliyekuwa na kundi kubwa uwandani, upande wa kwenda Chara. Hakunitaka. Alisema wazi, kwa Kiswahili chake cha uwandani ambacho nilikipenda hata kiliponichoma: "Wewe mtu ya shamba. Wewe najua ndizi. Ng'ombe najua nini?" Mkewe, Bi Hawo, ndiye aliyemtuliza. Maboma yote ya jirani yalikuwa yanangoja kuona nitafanyaje pale. Barisa akinikubali, wote wangenikubali. Akinifukuza, ningerudi Golbanti kulima, na kazi niliyoiota tangu utotoni ingeishia hapo hapo.

Asubuhi ile kila kitu kilikwenda vizuri. Niliwanyunyizia ndama kwanza, wakatulia. Mzee Barisa amesimama na fimbo yake begani, hasemi kitu, na kwake huko ni kusifu. Tukakubaliana ng'ombe wakubwa baada ya wao kuswali adhuhuri. Nilikuwa najisikia kama waziri!

Ndipo Bi Hawo akaniita nyumbani kwake. Alikuwa na paka jike, mweupe mwenye madoa meusi, na mzee alikuwa amemtania kwa jina la Bi Udhu kwa sababu alikuwa hamalizi kujisafisha. Msidhani paka ni kitu kidogo: mto ukifurika, panya wote wa mabondeni wanahamia nyumba za watu, na panya akishaingia anatafuna vile vyombo vya maziwa vya kusuka ambavyo mwanamke amevishona kwa miezi. Bi Udhu ndiye aliyekuwa analinda vyombo vya Bi Hawo. Na alikuwa amezaa, watoto wanne, hata macho hawajafungua, wamelala kwenye mkeka uliochakaa.

"Viroboto," akaniambia Bi Hawo. "Nakula paka yangu, nakula watoto yake. Wewe iko na dawa?"

Kama nina dawa! Pampu iko mgongoni, dawa ya ng'ombe imebaki chini. Sikusimama hata muda wa funda moja la chai. "Hii ni kazi ya dakika moja, mama," nikasema. "Nitaongeza maji mengi." Nikaongeza maji, nikamwondoa paka kwa watoto, nikamnyunyizia kuanzia shingo mpaka mkia. Akachomoka, akaingia uvunguni. Tukacheka.

Na kule uvunguni akafanya analofanya paka yeyote aliyelowa. Akajilamba. Midomo, kiganja, uso, mabega, mbavu, mkia. Kwa utaratibu wake wote, hakuacha unywele.

Kabla ya adhuhuri Bi Hawo akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. Paka alikuwa ametoka uvunguni, udenda unamtiririka, masikio yanachezacheza, miguu inatetemeka haimbebi. Mzee Barisa alikuja, akamtazama paka, akanitazama mimi. Hakupaza sauti.

"Hii msichana haigusi ng'ombe yangu," aliwaambia wachungaji. "Kama paka anaua, ng'ombe je?"

Nilikimbia. Si kutoroka, msinicheke. Nilikimbilia kichuguu kikubwa nje ya boma, mahali pekee palipokuwa na mtandao, nikapanda juu na simu yangu ya kubofya, nikampigia Mzee Komora nikilia waziwazi.

"Amejilamba?" aliuliza. Hilo ndilo swali lake la kwanza. Hakuniuliza kipimo, hakuniuliza jina la dawa kwanza.

"Amejilamba, mzee. Mwili mzima."

"Basi ondoa iliyobaki kabla ulimi haujaimaliza. Maji ya vuguvugu, si ya moto. Sabuni. Mara tatu, usuuze mara tatu. Mkaushe, mpe joto, mfunge nguo asijilambe tena. Na maziwa hapana! Watakwambia maziwa yanaua sumu. Kataa. Watoto wasinyonye mpaka kutetemeka kuishe. Sasa nipe jina la dawa, nimpigie daktari wa mifugo."

Daktari alikuwa Hola na barabara ilikuwa tope tupu. Alisema niendelee hivyo hivyo. Siku hizi mna simu za picha na bodaboda hadi mlangoni. Mpigieni daktari kwanza, mtu asikae kungoja miujiza.

Nikarudi mbio. Kweli kabisa, nilimkuta Bi Hawo ameshika kikombe cha maziwa. Nikakichukua mkononi mwake, na wenye kuwajua kina mama wa Kiorma wanajua kuwanyang'anya maziwa nyumbani kwao si jambo dogo. Alinitolea macho. Lakini nilipomweleza ya ulimi, kwamba ile dawa bado iko kwenye manyoya na kila akilamba anakunywa, alitia sufuria motoni mwenyewe. Tulimwosha Bi Udhu kwa sabuni ya kipande, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alinikwaruza mikono yote miwili. Tukamfunga leso kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, na Bi Hawo akaketi naye karibu na jiko.

Sasa wale wanne. Walikuwa wanalia! Vile vilio vyembamba vinavyoingia kwenye meno. Nilitoa sindano mfukoni mwangu, nikaondoa ncha, nikawapa maziwa ya mbuzi ya vuguvugu, tone kwa tone. Wakanywa. Nikajipongeza. Baada ya saa moja matumbo yao yakawa magumu kama maembe mabichi na kilio kikazidi. Nikawapa tena, wakakataa. Nikawageuza, nikawasugua migongo, wapi! Nilikuwa nimeshamtia sumu mama, na sasa nawaona watoto wanakufa mikononi mwangu.

Bi Hawo alinitazama kutoka jikoni kama mtu anayemtazama mjinga.

"Hawajakojoa," akasema.

"Si watakojoa?"

"Nani nawakojoza? Mama yao nalamba hapa chini, ndiyo mkojo nakuja. Bila ulimi hakuna. Wewe nasoma shule, hii hawakufundisha?"

Hawakunifundisha, wallahi! Na ni kweli tupu, wajukuu zangu: paka mchanga hawezi kukojoa wala kunya peke yake. Lazima mama amlambe, na anachotoa, mama anakilamba chote, ili malazi yawe makavu na nyoka au ngawa asinuse harufu. Ule ulimi tunaouona wa kujirembesha ndio nepi, ndio choo, ndio mlinzi wa mlango.

Nikapasua kipande cha pamba laini kutoka kwenye kanga yangu, nikakilowesha maji ya vuguvugu, nikamgeuza mdogo wa kwanza. Bi Hawo akanielekeza kutoka alipo. "Fupi fupi. Kama ulimi. Si kama wewe nafua nguo!" Nikapunguza mkono. Fupi, nyepesi, chini ya tumbo, tena, tena. Hakuna kitu. Tena. Na mara nikasikia joto viganjani.

"Amekojoa!" Niliruka. "Amekojoa! Amekojoa jamani!"

Nilipiga kelele kama timu yetu imefunga goli. Wachungaji wawili walikuja mbio na fimbo wakidhani kuna balaa, wakanikuta nimeinua paka mdogo juu, mkojo unanitiririka mpaka kwenye kiwiko, nacheka na machozi. Wa pili akakojoa. Wa tatu akafanya na kubwa kabisa, kwenye sketi yangu ya kazi. Bi Hawo alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio, na Bi Udhu kwenye leso akageuza kichwa kutusikiliza. Mlangoni, Mzee Barisa alikuwa amesimama. Hakucheka. Aliangalia mikono yangu, akaondoka.

Kwa siku mbili nikawa ulimi wa paka. Kila baada ya saa chache, maziwa kwa sindano, kisha kitambaa, fupi fupi. Nilijua kila mmoja kwa tabia yake ya kukojoa. Nilinuka nisivyoweza kuwaambia.

Siku ya tatu asubuhi Bi Udhu alikuwa ameacha kutetemeka, ametulia, amekunywa maji na kula samaki. Tukafungua leso. Hapo roho zikawa mkononi, kwa sababu watoto walikuwa wananuka mimi: sabuni, maziwa ya mbuzi, mikono ya mtu. Paka huweza kumkataa mtoto anayenuka ugeni. Bi Hawo akawasugua wote kwa ule mkeka waliozaliwa juu yake, akawaweka chini, tukarudi nyuma.

Bi Udhu aliwanusa. Akarudi hatua moja. Akakaa, akatugeuzia mgongo, na akaanza kujilamba mwenyewe. Midomo. Kiganja. Uso. Kama tulisuuza vibaya, basi ndiyo mwisho. Mabega, kifua, mbavu. Mguu ukapaa juu. Mkia. Tulingoja mpaka amalize, watu wazima watatu, kwani mzee naye alikuwa ameingia. Hakutetemeka. Akajigeuza, akamvuta mtoto wa kwanza kwa mguu, akamkandamiza chini, akamlamba kichwa, mgongo, tumbo, chini ya tumbo, akinifuta mimi harufu yangu yote kutoka kwa yule mtoto. Nililia tena. Kazi yangu ile ilikuwa na machozi mengi kuliko mnavyodhani.

Mzee Barisa alitoka nje. Tukasikia kengele za ng'ombe zikisogea kuelekea zizini. Kisha akaniita.

"Msichana. Lete hiyo chupa yako."

Nikaleta. Pampu ilikuwa tupu chini, ng'ombe wamejaa zizi zima, wachungaji wamezunguka. Mzee hakuwa anajua kusoma, na hakuficha hilo.

"Soma. Mimi nataka sikia yote."

Nikasoma. Jina, kipimo, ng'ombe wakubwa kiasi gani, ndama kiasi gani, vaa glavu, usimwage mtoni. Nikashuka, nikashuka, mpaka kwenye maandishi madogo chini kabisa ambayo, Mungu anisamehe, sikuwahi kuyafikia katika mwaka mzima wa kazi. Yaliandikwa wazi: hairuhusiwi kwa paka. Ningeweza kuishia juu yake. Hakuna aliyekuwa anasoma pale ila mimi. Wachungaji wananitazama, kazi yangu yote iko kwenye mstari ule mmoja.

Nikausoma kwa sauti. Kisha nikasema, "Ilikuwa hapa siku zote, mzee. Mimi sikusoma."

Mzee akaichukua chupa mkononi mwangu.

"Hiyo ya mwisho," akasema Mzee Barisa, "mimi nasomewa jana dukani, chupa kama hii. Nilitaka sikia kama wewe nafika."

Akawageukia wachungaji.

"Fungua zizi. Msichana naingia."